Viboksi vya chaki au njia ya matairi?

Kwa kuwafundisha watoto wa chekechea maneno ya mahali, viboksi vya kuruka ni rahisi: chaki moja, au kijiti kwenye mchanga. Vinashinda kwa mbele, nyuma, kulia na kushoto. Mvua ikifuta, unachora upya. Ila "chini ya" utaifundishaje kwa mistari?

Hapo ndipo yanapoingia matairi chakavu na benchi. Mtoto anatambaa chini ya benchi, anachungulia tairini, wenzake wanapiga kelele: "Yumo! Yumo ndani!" Yumo, yupo na yuko zinaingia zenyewe bila ubao. Tatizo ni maji kutuama, mbu wakazaliana. Toboa matairi au yajaze mchanga.

Una watoto sitini bila msaidizi? Mimi ningechora. Wako kumi na kuna kivuli, tafuta matairi.