Sensa ya kedensi: kiatuni au kwenye kranki? Nunua hii, ile iache

Kila Jumapili asubuhi tukiwa tumesimama Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, na baiskeli zetu tunangoja waliochelewa, lazima mtu aniulize, kaka hicho kidude umebana kiatuni ni cha nini, na mimi ninunue kipi. Nimejibu mpaka nimechoka, manake jibu si moja, kwa hivyo wacha niandike yote hapa alafu akiuliza mwengine namtumia tu.

Ni sensa ya kedensi. Inahesabu miguu yako inazungusha pedali mara ngapi kwa dakika, basi, haipimi spidi wala haipimi nguvu. Mtu wa kawaida hujikuta yuko 60 au 70, waliozoea wanakaa 80 mpaka 100, na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyechukua mbio za baiskeli za Tour de France mara 4, alijulikana kwa kuzungusha haraka mlimani utadhani anakimbizwa na mbwa. Sisi huku milima hatuna, tuna upepo. Kaskazi ikivuma ukielekea Mtwapa unaila usoni njia nzima, na wakati wa kusi ni kinyume, unaenda umesukumwa raha mustarehe kisha kurudi mjini ndio unalia. Hapo ndipo namba hii inalipa: badala ya kukamia gia nzito mpaka magoti yaanze kusema, unashuka gia moja mbili, unashikilia 85, unafika nyumbani na miguu yako.

Swali la kwanza si pesa, ni una baiskeli ngapi. Mimi nina moja ya rodi, nina ile nzito ya kazi yenye keria, na mara nyingine naazima ya shemeji. Kufungua sensa kwenye kranki moja (ule mkono unaoshika pedali) na kuihamishia nyingine kila siku ni kero, siku ya tatu unaiacha kwa meza. Lakini kiatu navaa kilekile. Hiyo ndiyo faida yote ya kiatuni, hakuna nyingine, na mtu akikwambia kiatuni inapima vizuri zaidi anakudanganya. Kama una baiskeli moja ruka mpaka namba 2, usipoteze pesa.

Namba 1: Wahoo RPM (kwa wenye baiskeli zaidi ya moja)

Naiweka juu kwa sababu kwenye boksi inakuja na vifungio vya kranki na pia klipu ya kiatu, kwa hivyo ukibadilisha mawazo mwezi ujao hununui tena. Ni ndogo, gramu 7, ukivaa huisikii. Inatumia Bluetooth na ANT+ (mawasiliano bila waya ya vifaa vya michezo) zote mbili, yaani simu inaisoma na kompyuta ya baiskeli inaisoma. Kidonda ni bei. Huko Marekani huwa karibu dola 40, ongeza usafiri na ushuru alafu kaa chini kwanza.

Klipu unaichomeka chini ya kamba za kiatu au chini ya mkanda wa velkro, sensa inalala juu ya mguu. Viatu vya kamba ndio vizuri kabisa, pitisha kamba mbili juu yake, kaza. Velkro ni sawa bora iwe bado inashika, manake hivi viatu vyetu vya mitumba vya Kongowea velkro yake ishakula vumbi la Ulaya kabla haijaanza la huku. Vile vya Boa, vya kukaza kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, waya wake ni mwembamba, klipu haina pa kushika, inacheza, na sensa ikicheza namba nazo zinacheza. Na champali usijaribu. Nlijaribu.

Sasa kwa nini kiatuni namba huruka hata klipu ikiwa imekaza? Kwenye kranki sensa inapinduka kichwa chini miguu juu kila mzunguko, kujua kwamba umezunguka ni rahisi. Kiatuni haipinduki. Fikiria lile pembea la duara wakati wa Idd pale Makadara, kiti kinapanda kinashuka lakini wewe umekaa wima muda wote na bisi zako hazimwagiki. Kiatu ndivyo kilivyo. Sensa inabaki kutegemea ule msukumo wa kuzungushwa peke yake, na huo unategemea unazungusha haraka kiasi gani. Kwa kranki ya milimita 170, ukiwa 90 msukumo ni kama mara moja na nusu ya uvutano wa dunia, sensa inausikia wazi kabisa. Ukiwa 60 unashuka mpaka theluthi mbili hivi ya huo uvutano. Ukiwa 40 ni theluthi moja tu, na hapo kila shimo la barabarani linapiga kelele kuliko mguu wako. Ndio maana nikipanda daraja la Nyali nimechoka na gia nzito, skrini inaniambia 38, 0, 71, 0, kama inatafuta stesheni ya redio.

Kwa hivyo usikisie. Kuna sensa zinazopima kupinduka tu, na hizo kiatuni utakuwa umefunga kokoto. Kama kwenye boksi hakuna neno kiatu wala picha ya kiatu, ichukulie ni ya kranki.

Kisha kuna hili la kutembea. Siku moja nlikuwa naenda Likoni, nikashuka nkasukuma baiskeli kwenye ule mteremko wa feri na umati wote ule, mikokoteni, kina mama na ndoo, mtu na kuku wake kwapani, natupa jicho kwenye kompyuta nakuta kedensi 54. Baiskeli nimeishika mkononi! Mtu akitembea mwendo wa kawaida kila mguu unakanyaga mara 50 na kitu kwa dakika, na sensa haina akili ya kujua hii ni pedali au ni feri. Simamisha rekodi kabla hujashuka, la sivyo wastani wako wa siku nzima ni hadithi.

Namba 2: hizi za bei nafuu za Kichina (kwa wengi wenu, kusema kweli)

Magene S3+, CooSpo BK467, XOSS. Bei yake kawaida ni nusu ya ile ya juu au chini, nazo pia zina Bluetooth na ANT+. Una baiskeli moja, unataka namba inayoaminika, chukua mojawapo funga kwenye kranki, umemaliza. Jua tu kwamba Magene na XOSS ni spidi au kedensi kwa kifaa kilekile, si zote mbili kwa wakati mmoja, na kubadilisha unatoa betri unairudisha, taa inabadilika rangi. Nimeona mtu amekasirika kabisa anasema sensa yake ni mbovu, kumbe iko upande wa spidi, angalia taa kabla hujamtukana muuzaji.

Mpira wake wa kufungia ndio dhaifu. Hii hewa yetu ya chumvi na jua la saa saba unaukausha, unapasuka bila taarifa. Wangu ulikatika nikiwa Mwembe Tayari nkamfuata fundi mmoja mzee, akaiangalia sensa akaigeuza geuza, akaniambia, "Mwanangu, hii weka mkono wa kushoto, upande wa ndani. Kulia kuna cheni." Nkamwambia sawa ami, lakini mpira sina. Hakujibu. Akavuta tyubu kuukuu chini ya benchi, akakata utepe wa upana wa kidole, akauzungusha mara mbili akiuvuta mpaka ukawa mwembamba, akapenyeza ncha chini yake. Akanigeuzia kranki kwa mkono polepole, duara zima, sikio karibu na fremu asikie kama inagusa. Haikugusa. Ile sensa iko palepale mpaka leo na mpira wa boksi nimeusahau rangi yake.

Mtu ataniuliza, si ninunue hii ya bei nafuu nibandike kiatuni kwa selotepu ya pande mbili? Jasho, bwana. Jasho na joto la Mombasa, hiyo selotepu haifiki Bamburi. Zip tai inashika lakini inakukata mguu, na ukitaka kuvua kiatu unatafuta kisu.

Namba 3: Garmin Cadence Sensor 2

Kitu kizuri, imetengenezwa kwa kranki, inafungwa kwa mpira, inaingia na saa au kompyuta ya Garmin bila maneno. Kama tayari uko kwenye ukoo wa Garmin nunua. Kama huko, sioni unalipia nini zaidi ya namba 2.

Namba 4: ya sumaku

Ile ya zamani, sumaku kwenye kranki na sensa kwenye fremu. Wengi wanazicheka, mimi sizicheki, inapima kweli na haidanganywi na mashimo. Tabu yake ni kuilenga, sumaku ikisogea kidogo tu kimya, na baiskeli ikiegemezwa vibaya mara moja imesogea. Ukipewa bure pokea.

Namba 5: pedali za kupima nguvu

Favero Assioma, Garmin Rally na wenzake. Zinakupa kedensi na nguvu, ni tamu sana, na bei yake wengine tungenunua baiskeli nzima na chenji ikabaki. Kama unatafuta kedensi peke yake usizitazame hata.

Mambo mawili kabla hujalipa, popote unapolipa.

Betri. Karibu zote hizi zinatumia CR2032, mafundi saa wa mjini wanazo. 20 ni upana wa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Nasema hivi kwa sababu kuna muuzaji alinipa CR2025 akaniapia ni sawasawa, ni zilezile. Si zilezile. Volti ni 3 zote lakini hiyo ni nyembamba, milimita 2.5, inakaa imelegea, kwa hivyo sensa ilikuwa inakatika kila nikipiga tuta, nikailaumu sensa wiki mbili nzima. Ukibadilisha futa kile kipande cha bati cha ndani kwa kitambaa kikavu, chumvi hukaa hapo ikaota kutu ya kijani. Na ile betri ya zamani usiiache juu ya meza kama kuna watoto, mtoto akiimeza inamchoma ndani, hilo si la mzaha.

Kuunganisha. Usiiunganishe kwa mipangilio ya Bluetooth ya simu, fungua programu yako ya baiskeli uitafutie humohumo, na hakikisha kabla ya kununua kwamba programu hiyo inasoma kedensi, si zote zinasoma. iPhone haina ANT+, itatumia Bluetooth tu. Alafu fanya hivi ukiwa nyumbani peke yako, si pale tunapokutana. Mimi nliunganisha yangu mpya pale Mama Ngina, watu 15 kila mtu na yake, nkakaa zangu ukutani nanywa dafu, miguu inaning'inia, naona skrini inasoma 92. Nkageuka, jamaa mmoja nyuma yangu ameinua gurudumu la nyuma anazungusha pedali kwa mkono anasikiliza cheni yake.