Kazi tatu zinazokuja za kikundi kidogo cha filamu, na moja ninayoisubiri kwa hamu

Nimerekodi michezo ya redio kwa miaka 19, kwa hiyo nikialikwa kutazama filamu, masikio hutangulia macho. Wiki iliyopita niliitwa na kikundi cha watengenezaji filamu huru, watu watano tu, nione kazi wanazoziandaa. Tulikaa kwenye viti vya kuazima mbele ya shuka jeupe lililobanwa ukutani. Kabla taa hazijazimwa, mwongozaji, binti ambaye pia ndiye mhariri, aliniambia: "Fundi, usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa." Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyowaambia wao.

Kazi iliyonikamata ni filamu ya hali halisi kuhusu mzee anayetengeneza cherehani. Mzee huyu hasikii vizuri. Akimaliza kufunga skrubu ya mwisho anakanyaga pedali, kisha anaweka kiganja juu ya meza na kukiacha pale. Kiganja ndicho kinachomwambia kama mashine imepona. Mpiga kamera alikuwa na subira ya kutosha kuuacha mkono ule kwenye fremu mpaka mzee mwenyewe alipouondoa, na sijaona picha nzuri kama hiyo kwa muda mrefu.

Lakini juu ya picha hiyo wamemwaga muziki. Ni muziki wa muda tu, wa kusaidia uhariri, nao walinihakikishia utaondolewa. Hapo ndipo ninapoona hatari. Mhariri akishauzoea huanza kukata picha kwa kufuata mdundo wake, na siku ukiondolewa, picha hubaki hazina miguu ya kusimamia. Niliomba wauzime. Chumba kizima tukasikia bobini inavyozunguka, sindano ikigonga, na pumzi ya mzee. Kumbe sauti yote walikuwa nayo, safi kabisa! Walikuwa wamerekodi hata sekunde 60 za karakana ikiwa kimya, bila mtu kusema wala kusogea, ambazo vikundi vingi huzisahau kisha vikahangaika kuziba mapengo ya sauti wakati wa uhariri. Waliojipa taabu hiyo hawana sababu ya kuificha kazi yao chini ya kinanda cha kuazima. Sasa hivi ina dakika 52, nao wanataka ibaki na 25. Naunga mkono, ila kiganja kisiguswe.

Kazi ya pili bado ni mswada: ndugu wawili wanagawana vitu vya mama yao, ndani ya chumba kimoja. Waigizaji walitusomea wakiwa wamekaa. Ina kurasa 14, na kwa hesabu ya kawaida ya ukurasa mmoja kwa dakika, ni filamu fupi inayowezekana kwa kikundi chenye watu watano. Tatizo ni kwamba ndugu hawa wanaelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua tangu utotoni. Kurasa 3 za mwanzo zingeweza kuwa moja. Mahali pa kupigia picha pana jokofu linalonguruma, nikawapa desturi ya mafundi sauti: lizimeni, halafu wekeni funguo za gari ndani yake. Hakuna atakayeondoka akaliacha limezimwa.

Ya tatu ni filamu isiyo na maneno, watakayoipiga kwa Super 8, yaani kamera ya utepe mwembamba wa filamu wa milimita 8, unaokuja ndani ya kaseti. Wana kaseti 3. Kila moja ina futi 50, yaani dakika 2 na nusu kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, na wanakusudia filamu ya dakika 5. Maana yake karibu kila shoti itapigwa mara moja tu. Wanafanya mazoezi na kamera tupu, wakihesabu sekunde kwa sauti, na nidhamu hiyo imenifurahisha kuliko hadithi yenyewe, ambayo bado sijaielewa.

Ukisikia kikundi kidogo kinaonyesha filamu ya mzee wa cherehani, nenda, na ukae karibu na spika. Mwongozaji ameniahidi toleo lisilo na muziki. Nimemwomba jambo moja zaidi: mzee anapoondoa kiganja mezani, asikate papo hapo, asubiri mpaka gurudumu la cherehani lisimame lenyewe.