Mafaili ya biashara yako yakae wapi, na domeni iandikwe kwa jina la nani?

Kila wiki mtu huingia dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na fleshi iliyokufa mkononi, akiuliza kama risiti za miaka mitatu zinaweza kurudi. Mara nyingi hazirudi, na inaniuma. Nimeandika haya kwa wenye biashara ndogo: wanaosafirisha dagaa kutoka Kibirizi, wapiga picha za harusi, walimu wa tuisheni.

Dawa ni kuweka nakala mtandaoni. Lakini kabla ya bei, piga hesabu ya bando. Faili la GB 1 likipanda mtandaoni linakula GB 1, na ukilishusha kwenye simu nyingine linakula tena. Ingia kwenye mipangilio, ruhusu picha zipande kwa Wi-Fi tu.

Kati ya huduma za kuhifadhi mafaili mtandaoni, namba moja kwangu ni Google Drive. Unapewa GB 15 bure na simu nyingi za Android tayari zina akaunti yake. Lakini hizo GB 15 ni sufuria moja wanamokula watu watatu: Drive, barua pepe za Gmail na picha za Google Photos, ambazo zimeanza kuhesabiwa tangu Juni 2021. Ndiyo maana wengi huniuliza, "Mbona barua pepe za wateja haziingii?" Nafasi imejaa. Futa video kubwa kwanza, kisha mwaga na pipa la taka, maana kilichomo humo bado kinahesabiwa. Na akaunti usiyoigusa miaka miwili inaweza kufutwa, kwa hiyo ifungue mara kwa mara.

Namba mbili ni OneDrive, kwa anayeishi ndani ya Excel na Word. Bure ni GB 5 tu. Dropbox naiweka ya tatu: GB 2 na vifaa vitatu, kidogo mno, ingawa ina sifa moja ninayoipenda. Ukibadilisha sehemu ya faili kubwa, hupandisha kipande kilichobadilika tu, na bando linapona. Mega inatoa GB 20 bure na mafaili yamefungwa kiasi kwamba hata wao hawawezi kuyasoma. Ukisahau neno la siri na hukutunza ufunguo wa kurejesha, basi tena. Kwa mtu anayebadilisha simu kila mara, simshauri.

Yoyote utakayochagua, nunua na diski ya nje. Folda iliyounganishwa na mtandao ukiifuta kwenye kompyuta, inafutika na kule.

Sasa domeni, yaani jina la tovuti yako mtandaoni. Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Mimi mwenyewe niliwahi kumlipa mtu anitengenezee tovuti, akasajili domeni kwa jina lake na barua pepe yake. Tulipoachana, jina la duka langu likabaki kwake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji, hata kabla ya bei: mmiliki ataandikwa nani? Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, tena isiwe ile ya domeni hiyo hiyo. Domeni ikizimika, utashindwa hata kupokea ujumbe wa kuirudisha.

Kwa duka la wateja wa hapa nchini naipa .co.tz nafasi ya kwanza, kwani inasema papo hapo uko wapi, na unaweza kuinunua kwa wakala wa Tanzania anayepokea malipo ya simu. Kama wanunuzi wako wako nje ya nchi, Bujumbura au Kalemie, chukua .com. Uliza bei ya mwaka wa pili pia. Ya kwanza mara nyingi ni chambo.

Mipangilio ya domeni inatisha kwa majina yake tu. Rekodi ya A inaelekeza jina kwenye seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, MX inaelekeza barua pepe, CNAME inalifanya jina moja lifuate jingine. Ukihamisha tovuti, badilisha A pekee na MX iache kama ilivyo. Ukibadilisha seva za majina zote, yaani zile zinazotunza rekodi hizi, nakili kwanza rekodi zote kwenye daftari, la sivyo barua pepe zitakatika siku hiyo hiyo. Siku moja kabla ya kuhama, shusha TTL ya rekodi ya A, yaani muda ambao mitandao inakumbuka anwani ya zamani, hadi sekunde 300, mabadiliko yaonekane mapema badala ya kungoja saa nyingi.