TAHADHARI: Hilux "ya ofisi" inayouzwa Dar, chesisi yake imekatika na kuungwa

Ndugu zangu, kuna Hilux double cabin rangi ya silva imerudishwa sokoni Dar wiki hii. Bei imepunguzwa kwa milioni mbili na namba zimefichwa kwenye picha. Gari hiyo naijua, nimelala chini yake nikaiangalia kwa tochi. Advansi yangu ya milioni tatu imepotelea hapo na sitaki mwingine aingie.

Nakaa Kibaha, kazi yangu iko Kariakoo, karibu kilomita 40 kwenda na 40 kurudi kila siku. Jumamosi na Jumapili nakodisha viti na mahema ya sherehe, navuta tela. Viti 300 vya plastiki, mabomba ya mahema, jenereta, ukijumlisha na tela lenyewe unakaribia tani moja na nusu. Ndiyo maana nilitafuta pikapu ya injini ya lita 3.0. Kwa kwenda kazini na kurudi tu, 2.5 inatosha kabisa, tena inakunywa kidogo. Lakini ifungie tela la uzito huo, ipandishe Kimara kwenye foleni ya jioni, utaichosha mapema. Zile za zamani zenye injini aina ya 5L, zisizo na tabo, ni ngumu kweli, nawaheshimu wanaozitunza, ila na tela mlimani zinatambaa.

Tangazo lilisema ilikuwa gari ya ofisi, mmiliki mmoja, 3.0 D-4D, kilomita 98,000, haijawahi kuvuta tela. Dalali alikuwa na lugha nzuri sana. Usiku akanipigia: "Bosi, kuna mteja wa Mwanza ameshatuma nusu ya hela. Kama unaitaka weka kitu kidogo nikushikie." Nikatuma milioni tatu kwa simu. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lake, akasema ni la mdogo wake. Nakuomba sana wewe unayesoma: ukifika hapo, simama. Usitume hata elfu kumi kabla fundi wako, si wa kwao, hajaingia chini ya gari.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilifika na fundi wangu. Injini ilikuwa ya moto tayari. "Nimeipasha kidogo tu," dalali akasema. Dizeli yenye nozeli zilizochoka huwa inajitangaza asubuhi ikiwa baridi: inagonga, inatoa moshi mweupe, inachelewa kushika. Ukiikuta imeshapashwa, siri imefunikwa. Mwambie muuzaji utarudi kesho na boneti isiguswe mpaka ufike.

Fundi akafungua mfuniko wa oili injini ikiwa inanguruma, moshi ukawa unapiga puu, puu, puu kama jiko la kuni mbichi. Hiyo ni pumzi inayopita kwenye ringi za pistoni zilizochoka. Kisha akachukua kitambaa chenye dizeli, akafuta bloku ya injini mpaka namba ikasomeka. Kwenye kopi ya kadi ya gari namba ya injini inaanza na 1KD, ambayo ndiyo 3.0 yenye cc 2982. Iliyogongwa kwenye bloku inaanza na 2KD, yaani 2.5 ya cc 2494. Injini imebadilishwa, kadi haijabadilishwa, na kibandiko cha 3.0 bado kinang'aa pembeni. Ukinunua hivyo, siku ya kubadili jina TRA tatizo linakuwa lako.

Kilomita 98,000 nazo si kweli. Raba ya pedali ya breki imelika mpaka chuma kinaonekana. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika ya kubadilisha oili iliyokwanguliwa nusu, lakini wino umebaki: oili ijayo 241,000.

Kilichoniuma zaidi kiko chini. Fundi alilala kwenye boksi, akapitisha mkono juu ya reli ya chesisi, pale nyuma ya kabini ambapo bodi ya mzigo inaanzia. Pale ndipo double cabin nyingi zilizobebeshwa kupita kiasi hupinda au kupasuka. Palikuwa pamepakwa lami nyeusi mbichi, sehemu hiyo tu, kwingine kote ni vumbi na kutu ya kawaida. Akakwangua kwa bisibisi. Chini ya lami kuna kiraka cha chuma kimechomelewa, na ufa umeshaanza kutembea upya kutoka kwenye kona ya kiraka. Nikawaza tela langu na tani moja na nusu ya viti nyuma ya chuma hicho, wanangu wawili wakiwa kiti cha nyuma. Nilitoka pale nikakaa chini kwanza.

Na ile "haijawahi kuvuta tela"? Springi za nyuma zimeongezwa jani moja kila upande, jipya kuliko mengine. Nyuma ya bampa kuna nyaya za taa za tela zimekatwa na kufungwa soleteipu.

Hatukuifikisha hata barabarani. Kama ningeendesha, ningefanya jaribio la klachi: vuta hendibreki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu ukikanyaga mafuta kidogo. Klachi nzima itazima injini palepale. Injini ikiendelea kunguruma na gari imesimama, hiyo klachi haitakuvutia tela.

Nilipodai hela yangu nikaambiwa advansi hairudi, "umenipotezea mteja wa Mwanza". Sasa simu haipokelewi. Nimefungua jalada polisi, kwa hiyo jina na namba yake siandiki hapa kwa sasa.

Picha ninazo: kiraka, stika, namba ya kwenye bloku. Kama kuna anayeongea na mtu kuhusu Hilux ya silva yenye bodi isiyo na kanopi na mkwaruzo mrefu kwenye mlango wa nyuma kushoto, aniandikie ujumbe kabla hajatuma chochote. Nitamtumia picha, alinganishe.