Basi la umeme au la gesi asilia?
Kwa bei ya kununua, gesi inashinda. Injini yake haimpi taabu fundi aliyezoea plagi na oili, na mitungi hujazwa kwa dakika chache. Lakini gesi nayo huchimbwa ardhini, na methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikivuja hupasha joto anga zaidi kuliko kaboni dioksidi. Hilo linanisumbua.

Basi la umeme ni ghali, hasa betri. Ila mota haina oili ya kubadilisha, na dereva akikanyaga breki, sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri. Ndiyo maana linafaa njia za mjini zenye vituo vingi. Jiji la Shenzhen, China, liligeuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme kufikia 2017.

Kama umeme wenu hukatika ovyo, au safari ni za masafa marefu, gesi bado ina nafasi.