Uzoefu wangu na Ajira Portal, kwa mliobakiza mwaka mmoja chuoni

Kama uko mwaka wa mwisho na bado hujafungua akaunti ya Ajira Portal, ifungue wiki hii. Usisubiri mahafali, usisubiri cheti, wala usisubiri tangazo la kada yako litoke. Nimeitumia tangu nikiwa mwanafunzi Dodoma hadi sasa nikiwa mhitimu, na kila msimu wa matangazo nawaona wadogo zangu wanahangaika dakika za mwisho na mambo ambayo wangeyamaliza mapema wakiwa na nafasi. Inaniuma, kwa sababu wengi wao wana sifa kabisa.

Kwa asiyeifahamu, huu ni mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilicho chini ya Ofisi ya Rais kinachoendesha usaili na kupeleka watu kwenye wizara, taasisi na halmashauri. Barua yako ya maombi unaiandikia kwa Katibu, S.L.P. 2320, Dodoma, unaitia saini, unaiskani na kuipandisha kwenye mfumo. Matangazo yao yanaonyesha ofisi ziko majengo ya Dkt. Asha-Rose Migiro, eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, lakini hata ukiwa unalala hosteli ya jirani, barua ya mkononi haihesabiki. Wa Kasulu mwenye simu na bando na wa Dodoma mjini wanaingia kwa mlango mmoja. Hilo ndilo linalonifanya niupende huu mfumo kuliko kitu kingine chochote.

Kabla ya hapo nilikuwa napata habari kama mwanafunzi yeyote: mbao za matangazo nje ya ofisi za chuo, na group la WhatsApp la darasa. Group letu nalisifu mpaka leo. CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, alikuwa mtu makini. Ratiba ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ikitoka tu ameshaiweka, ukumbi ukibadilishwa anatuambia kabla watu hawajatoka vyumbani, majina ya kusaini boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, yakitoka anaweka orodha yote bila kukata. Kwa mambo ya chuo sijaona kinacholishinda group lenye CR wa namna hiyo.

Tatizo huanza group hilohilo linapogeuka gulio la ajira. Tangazo linafika likiwa picha iliyokatwa, limepita mikono mingi hadi maandishi yamefifia. Tarehe ya mwisho ipo, mwaka haupo. Sifa za mwombaji zinaishia katikati ya sentensi. Chini pamebandikwa namba ya simu "kwa msaada wa kujaza fomu". Mwenzangu wa chumba aliipigia namba ya aina hiyo, akaongea na mtu mwenye lugha nzuri sana, akaambiwa kuna ada ya fomu na ada ya kuharakisha. Alituma hela yake ya kula. Jioni ile namba ilikuwa haipatikani tena, na mpaka leo haipatikani. Tangazo lenyewe, tulipolitafuta, lilikuwa la mwaka uliopita.

Kwa hiyo shika hili: Sekretarieti haitozi mwombaji hata shilingi. Kujisajili ni bure, kuomba ni bure, kuitwa ni bure. Utakacholipia ni bando, steshenari, na wakili wa kugonga muhuri kwenye nakala za vyeti. Anayekwambia ana koneksheni ndani na anataka kitu kidogo, mwache hapohapo.

Tangu wakati huo, nikiona tangazo kwenye group naingia kwenye portal kulitafuta. Likiwepo nafungua PDF na kulisoma hadi ukurasa wa mwisho, kwenye yale masharti ya jumla ambayo watu wengi huyaruka. Huko ndiko wengi wanakokwama. Matangazo mengi hukaa wazi kama wiki mbili hivi, na wiki mbili zinatosha kabisa kujaza fomu. Hazitoshi kutafuta namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kufuata cheti shuleni ulikosoma na kurekebisha jina.

Tuanze na NIDA. Kujisajili kunataka namba ya utambulisho ya taifa, ile yenye tarakimu 20. Namba inatosha, hata kama kadi haijatoka. Kisha kuna taarifa binafsi, elimu, kozi fupi, kompyuta, lugha, na wadhamini watatu wenye mawasiliano ya uhakika. Wadhamini wachague ukiwa bado chuoni. Mhadhiri aliyekusimamia mradi anakukumbuka sasa, baada ya miaka miwili ameshasimamia wengine wengi. Mwombe ruhusa ana kwa ana, uchukue namba anayoitumia kweli.

Halafu vyeti, na hapa naomba msome taratibu. Matangazo yanasema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, testimonial na matokeo ya muda ya chuo havikubaliwi. Wanataka cheti chenyewe. Sasa wako watu mwaka wa tatu ambao cheti chao cha kidato cha sita bado kiko kabatini kwa mkuu wa shule, kwa sababu waliombea chuo kwa kutumia matokeo ya mtandaoni na hakuna aliyewaambia warudi kukichukua. Shule iko Songea, wewe uko Dodoma, tangazo linafungwa Ijumaa. Likizo ijayo pitia shuleni. Cheti cha kuzaliwa huenda tayari unacho, maana waombaji wa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, huwa tunakipeleka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kuhakikiwa. Kihifadhi vizuri pamoja na vingine.

Jambo linalowaumiza watu kimyakimya ni majina. Msichana tuliyekuwa naye bweni moja, cheti cha kidato cha nne kilimwandika Hamisi, NIDA ikamwandika Khamis, na chuo kikachukua majina mawili badala ya matatu. Kwa macho ya kawaida ni mtu yuleyule. Kwenye chumba cha uhakiki ni nyaraka tatu zinazopingana. Masharti yanawataka wenye majina yanayotofautiana waje na deed poll, hati ya kisheria ya kurekebisha jina, na hiyo huipati kwa siku moja: inaandaliwa na wakili, kisha inasajiliwa serikalini. Leo jioni panga vyeti vyako vyote mezani, cha kuzaliwa, vya shule na namba ya NIDA, uvisome herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, anza kuishughulikia ungali na kitambulisho cha chuo mfukoni.

Kuna wanaouliza kwa nini ukali wote huu wa vyeti. Wakumbuke Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki palepale Chuo Kikuu cha Dodoma, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Mimi binafsi nauunga mkono ukali huu. Kila nafasi iliyokaliwa kwa cheti cha kughushi ilikuwa ya mtoto wa mtu aliyesoma kweli.

Nilipoitwa kwenye usaili wa mchujo, tangazo la kuitwa lilikuwa PDF ndefu yenye majina ya watu wengi mno. Tumia kitufe cha kutafuta, andika jina lako la ukoo, kisha hakikisha na jina la kati, maana majina yanafanana. Namba ya mtihani haiko kwenye orodha hiyo. Unaingia kwenye akaunti yako na kuinakili. Wengi walifika mlangoni bila kufanya hivyo, wakaanza kuhangaika na mtandao wakati wenzao wanapangwa kwenye viti. Nenda na vyeti halisi pamoja na kitambulisho kimoja kati ya vilivyotajwa: cha taifa, cha mkazi, cha mpiga kura, cha kazi, hati ya kusafiria au leseni ya udereva. Kitambulisho cha chuo sikukiona kwenye orodha hiyo. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, na ndiyo maana nawasihi mhuishe anwani ya makazi kwenye akaunti. Siku hizi usaili wa mchujo kwa kada nyingi unafanyika mikoani, na anwani ndiyo inayoonyesha ukafanyie wapi. Mtu amemaliza chuo Dodoma, amerudi kwao Bukoba, anwani bado ya hosteli. Safari yote ile ya nini?

Baada ya mchujo kuna kada zenye usaili wa vitendo, kisha mahojiano. Mimi nilifika kwenye mahojiano, nikafaulu, nafasi zikajaa kabla ya kunifikia, nikabaki kwenye kanzidata. Kanzidata ni kitu cha kweli. Waliofaulu wakakosa nafasi wanawekwa humo, na taasisi nyingine ikihitaji mtu wa kada hiyo anaweza kuchukuliwa bila usaili mpya. Nimeshuhudia tuliosoma nao wakipangiwa vituo kwa njia hiyo, mmoja akiwa ameshaanza kuuza nguo za mtumba na amekata tamaa kabisa. Kwa hiyo usibadilishe laini ya simu kiholela, na barua pepe uliyojisajili nayo iwe ile unayoifungua.

Walimu, hili linawahusu zaidi. Zamani ajira zenu zilipitia TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, na mtu akapangiwa shule bila kukaa usaili. Tangu Januari 2025 walimu nao wamekaa usaili wa Sekretarieti kama kada nyingine. Kaka zenu waliowaambia subirini tu majina wanawaambia habari za zamani.

Ila msiifanye portal hii kuwa jicho lenu pekee. Kuna taasisi za umma zinazotangaza kwenye mifumo yao wenyewe. TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2025 ilitangaza nafasi 1,596 kwa mfumo wake, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Aliyekuwa anaangalia Ajira Portal peke yake hakuliona tangazo hilo mpaka lilipomfikia kwenye group, likiwa limekatwakatwa kama kawaida. Ajira Portal pia haina nafasi za field, yaani mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi, haina vibarua vya likizo, haina kampuni binafsi. Kwa field bado utategemea barua ya chuo, miguu yako na CR wako. Na ukishahitimu kuna TaESA, huduma ya ajira ya serikali, inayowaunganisha wahitimu na mafunzo ya uzoefu kazini. Jisajili huko pia, maana miezi michache ndani ya ofisi halisi inakupa cha kusema unapoulizwa kwenye mahojiano umewahi kufanya nini.

Kuhusu steshenari: usiskani vyeti kwa simu juu ya kitanda. Nimeona nakala ambayo muhuri wa wakili umeangukiwa na kivuli cha mkono wa mpigaji picha, na jina la mwenye cheti halisomeki. Peleka kwenye mashine, mwambie kijana wa steshenari akupe kila cheti PDF yake, kisha alibane faili likiwa zito. Lipe kila faili jina linaloeleweka, uyatume yote kwenye barua pepe yako mwenyewe ili simu ikiibiwa usianze upya.

Mpangilio ninaowapa wanaoniuliza ni huu: NIDA kwanza kwa sababu bila hiyo akaunti haifunguki, majina yafuate kwa sababu ndiyo yanayochukua muda mrefu, kisha vyeti vya sekondari. Cheti cha chuo kikitoka utakuwa na kitu kimoja tu cha kuongeza, na tangazo likitoka asubuhi unaweza kuwa umeshaomba kabla ya saa sita mchana.