Michezo ya mikakati: kabla ya kulipa, uliza kuhusu kitufe cha kusimamisha

Mwezi uliopita nilinunua mchezo wa kompyuta wa vita vya papo kwa papo, yaani saa yake haikusubiri ufikiri, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba unaweza kusimamishwa wakati wowote. Ulisimama kweli, lakini menyu ilifunika skrini nzima, na kikosi nilichotaka kukiondoa penye moto hakikupokea amri yoyote. Nilikwenda kumsikiliza mwanangu aliyekuwa akiniita, na niliporudi na kuuendeleza mchezo, jeshi liliteketea kabla sijakumbuka nilikuwa nikipanga nini.

Wanunuzi hubishana kama mapigano ya zamu, ambapo kila upande hucheza huku mwingine akisubiri, yanashinda ya papo kwa papo. Kwangu mimi linaloamua ni jingine: saa ya mchezo ikisimama, je, ninaruhusiwa kuendelea kupanga?

Nafasi ya kwanza naipa FTL: Faster Than Light ya mwaka 2012, na sifichi kwamba naipenda Subset Games, walioutengeneza, kuliko kampuni nyingine yoyote. Mapigano yake ni ya papo kwa papo, lakini ukibonyeza kile kitufe kirefu cha chini ya kibodi kila kitu hutulia huku amri zikiendelea kupokelewa. Moto ukizuka ndani ya chombo chako cha angani, unasimamisha, unawatoa watu chumbani, unafungua milango ya nje ili hewa itoke na moto uzimike, unaelekeza silaha kwenye ngao za adui, ndipo unaruhusu muda uendelee. Hakuna anayekuharakisha.

Wa pili ni Into the Breach wa mwaka 2018, kazi ya kampuni hiyo hiyo, nao ni wa zamu. Uwanja una miraba 8 kwa 8 tu, na adui hukuonyesha atakapopiga kabla hujacheza, kwa hiyo ukishindwa unajua ulikosea wapi.

Total War: Shogun 2 wa mwaka 2011 unashika nafasi ya tatu. Kampeni, yaani sehemu ya kuongoza himaya yako kwenye ramani, huenda kwa zamu na vita hupiganwa papo kwa papo. Ukicheza peke yako unaweza kusimamisha na kupanga vikosi, isipokuwa katika kiwango kigumu kuliko vyote, ambako ruhusa hiyo huondolewa.

Civilization VI wa mwaka 2016 hukusubiri hata siku nzima, na kwa hilo nausifu. Kinachoniudhi ni bei, kwa sababu nyongeza zake kubwa za mwaka 2018 na 2019 ziliuzwa kando, na aliyetaka mchezo kamili tangu mwanzo alilipa mara tatu.

Asiye na fedha achukue The Battle for Wesnoth, ambao ni wa zamu na ni wa bure.

Muuzaji wangu nilimrudia siku ya pili. Alisema mchezo ukishafunguliwa haurudishwi, na nilipomwomba anionyeshe hapo hapo jinsi ya kutoa amri baada ya kusimamisha, alikiri kwamba hajawahi kuucheza.